Mbuzi na Kamba Yake: Kuiendesha Roboti ya Umbo la Binadamu kwa Umeme wa Nje

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi roboti ndogo ya umbo la binadamu, ya aina inayoundwa na wapenzi wa ufundi majumbani na vyuoni, inavyoweza kuendeshwa kwa umeme unaotoka nje ya mwili wake badala ya betri. Yanashikilia kuwa sehemu kubwa ya ugumu wa kazi hii imo katika neno moja, nguvu, ambalo katika mazungumzo ya kawaida hubeba dhana ambazo fundi hana budi kuzitenganisha.

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Methali hii hutumiwa kumwasa mtu aishi kwa kadiri ya uwezo wake, na siku hizi hutumiwa pia kwa kejeli dhidi ya wala rushwa. Katika makala haya inatumiwa kwa maana iliyo karibu zaidi na asili yake: kiumbe aliyefungwa kamba, ambaye kamba hiyo humwekea mpaka.

Roboti inayozungumziwa hapa si ile ya viwandani. Ni mashine ya miguu miwili, mikono miwili na kichwa, yenye kimo kisichofika nusu mita. Uundaji wa roboti za aina hii kama burudani ulichangamshwa na mashindano ya ROBO-ONE, yaliyoanza nchini Japani mwaka 2002. Mfano utakaofuatwa ni Bioloid, toleo la Premium, ya kampuni ya Robotis ya Korea Kusini. Roboti hii ina kimo cha takriban sentimita 40 na uzani wa takriban kilo 1.7, na huuzwa ikiwa vipandevipande ili mnunuzi aiunde mwenyewe.

Suala la kamba lilizikabili hata roboti kubwa. Kampuni ya Honda ilianza utafiti wake wa roboti za miguu miwili mwaka 1986, na kwa miaka mingi roboti zake za majaribio zilitegemea umeme wa nje. Ni mwaka 1996 ndipo ilipoitangaza P2, roboti ya kilo 210 iliyobeba betri yake yenyewe na kutembea bila waya. Iliweza kufanya hivyo kwa takriban robo saa tu.

Roboti Inavyokula

Viungo vya roboti ya Bioloid huendeshwa na mota 18 za aina ya sevo. Sevo ni kijisanduku chenye mota ndogo, gia na kifaa cha kupima pembe. Huamriwa kwenda pembe fulani na kubaki hapo hata kinaposukumwa. Kubaki huko si kupumzika. Roboti iliyosimama ikiwa imekunja magoti hutumia umeme kuuzuia mwili wake usianguke, kama vile mtu aliyechuchumaa anavyochoka mapaja ijapokuwa hatembei.

Betri ya roboti hii ni ya lithiamu, ya volti 11.1 na ampea-saa 1. Maana yake ni kwamba roboti ikitumia wastani wa ampea 3, betri hiyo itaisha kwa dakika 20. Mwanafunzi anayeifunza roboti hatua za kutembea huhitaji kurudia jambo moja mara mia moja, kwa saa nzima au zaidi, na betri haimpi muda huo. Aidha, betri za lithiamu hazivumilii uzembe: ikinyweshwa umeme kupita kiasi, ikitobolewa au ikiunganishwa vibaya, inaweza kushika moto usiozimika kwa urahisi. Ndiyo sababu wengi huamua kuifunga roboti yao kamba, yaani kuilisha kwa waya kutoka nje, wakati wa mafunzo.

Neno Moja, Dhana Kadhaa

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mtu akiulizwa adapta fulani inafaa au haifai, hujibu kuwa ina nguvu au haina nguvu. Neno hilo halisemi ni nguvu ipi. Tazama tangi la maji lililo juu ya paa la bweni. Kadiri tangi lilivyoinuliwa ndivyo shinikizo la maji linavyozidi. Hilo ni mfano wa volti. Kiasi cha maji kinachopita katika mfereji kila sekunde ni mfano wa mkondo, unaopimwa kwa ampea. Maji yote yaliyomo tangini ni mfano wa akiba iliyomo katika betri.

Volti ya chanzo sharti ilingane na ile inayotakiwa na roboti. Sevo za Bioloid za aina ya AX-12A hufanya kazi kati ya volti 9 na 12. Kuzipa volti 19 za adapta ya kompyuta ya mkononi ni kuziunguza. Ampea ni jambo tofauti kabisa: chanzo chenye uwezo wa ampea 20 hakitaidhuru roboti kwa sababu tu ya ukubwa huo, kwa kuwa roboti huchukua kiasi inachohitaji, kama vile mfereji mpana usivyommwagia maji asiyeufungua. Hatari ya ampea nyingi hujitokeza nyaya zinapogusana au kiungo kinapokwama.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni la mtu aliyeona adapta imeandikwa volti 12, akaridhika, asisome kwamba imeandikwa pia ampea 1. Roboti huwaka, husimama, kisha huzimika pindi inapoinua mguu. Kila sevo ya AX-12A, ikikwama kabisa kwa volti 12, inaweza kuchukua ampea 1.5. Sevo 18 zikikwama kwa pamoja zingedai ampea 27. Hali hiyo haitokei katika matumizi ya kawaida, na ndiyo maana adapta inayouzwa pamoja na roboti hii ni ya volti 12 na ampea 5, yaani wati 60, sawa na balbu moja ya zamani. Hata hivyo, roboti inapojiinua baada ya kuanguka, sevo za miguu hufanya kazi nzito kwa wakati mmoja. Jambo hili wanafunzi wa mabwenini wanalijua: alfajiri, kila mtu anapofungua mfereji, orofa ya juu hukosa maji ingawa tangi limejaa. Katika roboti, anayekosa maji ni kompyuta ndogo inayoviongoza viungo. Volti ikishuka kwa nukta moja tu, kompyuta hiyo hujizima na kuanza upya, na roboti huanguka kifudifudi.

Unene wa Waya

Hata chanzo kikiwa cha kutosha, waya wenyewe hula volti. Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 0.5, ukiwa na urefu wa mita 2, una mita 4 za shaba kwa kwenda na kurudi, na ukinzani wa takriban omu 0.14. Mkondo wa ampea 5 ukipita humo, volti 0.7 hupotea, ampea 10 zikipita, hupotea volti 1.4. Roboti inayotumia volti 12 inaweza kustahimili hasara hiyo, lakini ile ya volti 6 itakuwa imepoteza karibu robo ya riziki yake. Waya wa milimita mraba 2.5, wa aina inayotumiwa katika soketi za nyumba, hupoteza chini ya volti 0.3 kwa ampea 10, lakini ni mgumu na mzito kwa mwili wa kilo 1.7. Suluhisho ni waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, ulio mnene kiasi lakini mlegevu. Kapasita kubwa ikiwekwa karibu na roboti nayo husaidia, kwa kuwa huhifadhi umeme kidogo wa kuziba pengo la sehemu ya sekunde, mfano wa ndoo iliyotekwa mapema.

Vyanzo Vinavyofaa

Adapta ya ampea 5 au zaidi ndiyo njia nyepesi, kwani hubadilisha volti 240 za umeme wa Kenya kuwa 12. Adapta haifai kufunguliwa, kwa kuwa volti 240 huua. Kilicho bora zaidi kwa mafunzo ni kifaa cha maabara chenye vitufe vya kuweka volti na kikomo cha mkondo. Sevo ya AX-12A isiyofanya kazi huchukua takriban ampea 0.05, hivyo sevo 18 huchukua takriban ampea 0.9. Kwa kuweka kikomo kuwa chini ya ampea 2 wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi hugundua hitilafu kabla moshi haujafuka.

Betri ya gari, ambayo kwa miaka mingi iliwasha televisheni katika vijiji visivyo na stima, pia inawezekana. Ina takriban volti 12.6 ikiwa imejaa, lakini hupanda kupita 14 inapochajiwa. Kwa hiyo isichajiwe huku inailisha roboti. Zaidi ya hayo, nyaya zake zikigusana hutoa mamia ya ampea. Fyuzi ya ampea 10 karibu na ncha ya betri ni ya lazima.

Kanuni mbili zinahusu vyanzo vyote. Kwanza, ncha chanya na hasi zisibadilishwe. Kiungio kinachoingia upande mmoja tu huzuia kosa hili. Pili, chanzo cha nje kisiunganishwe moja kwa moja na betri ya lithiamu iliyomo mwilini, kwani umeme utamiminika betrini bila kidhibiti, na hatari ya moto iliyotajwa itarejea.

Kamba na Mizani ya Mwili

Roboti hutembea kwa kuhamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ikiondolewa betri iliyo kiwiliwilini, uzito wake hubadilika, na hatua ilizofunzwa hapo awali haziifai tena. Kwa sababu hii betri huachwa mahali pake ikiwa haijaunganishwa, au huwekwa kitu cha uzani uleule. Waya nao ukivutwa sakafuni humkwaza mtembezi. Huning'inizwa kutoka juu, nyuma ya mabega, ukiwa umelegea vya kutosha, kama mama anavyomshika mtoto mkono anapojifunza kusimama.

Hitimisho

Mnamo Desemba 2013, katika majaribio ya mashindano ya DARPA nchini Marekani, roboti kadhaa zilishiriki zikiwa zimefungwa nyaya. Katika fainali ya Juni 2015 nyaya hazikuruhusiwa, na nyingi zilianguka mbele ya umati. Mshindi alikuwa DRC-HUBO wa chuo cha KAIST, Korea Kusini. Kamba basi ni ya malezi. Hukatwa mafunzo yanapokamilika.

Kwa wanaisimu na wanafasihi, funzo ni jingine. Nchini Kenya wizara inayohusika na umeme huitwa kwa jina la kawi, ilhali Tanzania hutumia neno nishati; na raia wa kawaida kote kuwili husema nguvu. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha volti, mkondo na nishati, kama maelezo haya yalivyojaribu kuonyesha. Kinachosalia ni walimu na waandishi kuyatumia maneno hayo kwa uthabiti. Mwanafunzi wa shule ya upili anayeunganisha adapta kwenye roboti yake ya kwanza anastahili kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, ni nguvu ipi anayopaswa kuisoma kwenye kibandiko kabla hajawasha.