Wakati uliopita wa Kiitaliano unavyowatega wazungumzaji wa Kiswahili

Na Mwandishi Wetu

MPANGAJI aishiye Italia akiulizwa habari ya kodi ya nyumba, maneno machache tu yanaweza kumweka pabaya. Akijibu "dovevo pagare", msikilizaji ataelewa kwamba alitakiwa kulipa, lakini hatajua kama fedha zilitoka mfukoni. Pengine atahisi kuwa hazikutoka. Akijibu "ho dovuto pagare", amesema kwamba alilazimika kulipa na akalipa. Kwa Kiswahili mtu angeweza kusema "nilipaswa kulipa" katika hali zote mbili, na mazungumzo yenyewe yakatoa maana.

Suala hilo si la darasani pekee. Tangu mwaka 2010, sheria za Italia humtaka mgeni anayeomba kibali cha ukaazi wa muda mrefu athibitishe kuwa anajua Kiitaliano kwa kiwango cha A2. Tangu Desemba 2018, waombaji wengi wa uraia, wakiwamo wale waliooa au kuolewa na Waitaliano, hutakiwa kufikia kiwango cha B1. Mtu wa kiwango hicho hutarajiwa kusimulia mambo yaliyompata, na hakuna usimulizi bila wakati uliopita. Huku pwani ya Afrika Mashariki, vijana wa Malindi, Watamu na Zanzibar ambao riziki yao hutokana na watalii wa Kiitaliano nao hukutana na kizingiti hicho hicho, ingawa wengi wao huokota lugha kwa kusikia.

Katika mazungumzo ya kila siku, Kiitaliano hutegemea zaidi njeo mbili za wakati uliopita. Ya kwanza ni passato prossimo, inayolitazama tendo kama jambo lililokamilika: "ho mangiato", yaani nilikula au nimekula. Ya pili ni imperfetto, inayolitazama tendo kutoka ndani, likiwa bado linaendelea au likiwa mazoea: "mangiavo", yaani nilikuwa nikila, au nilikuwa na desturi ya kula.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kutafuta njeo moja ya Kiitaliano kwa ajili ya kiambishi "-li-" na nyingine kwa ajili ya "-me-". Haipo. Passato prossimo hubeba viambishi vyote viwili, na hata ile "-ka-" ya masimulizi humezwa humo humo. "Niliamka, nikaoga, nikatoka" huwa "mi sono alzato, mi sono lavato e sono uscito", kila kitenzi kikijitegemea.

Mtego mkubwa zaidi umo katika vitenzi vya mkao na hali, kama kulala, kusimama, kukaa na kuvaa. Mswahili husema "nilikuwa nimelala mwizi alipoingia", akitumia "-me-" kuonyesha hali aliyokuwamo wakati huo. Mwanafunzi anayetafsiri kipande kwa kipande hutamka "avevo dormito". Kwa Mwitaliano, maana yake ni kwamba alikuwa ameshalala usingizi wake ukaisha kabla mwizi hajafika. Akikimbilia "ho dormito", mambo huharibika zaidi, kwani itasikika kana kwamba mwizi aliingia ndipo yeye akalala. Neno linalotakiwa ni "dormivo". Vivyo hivyo "alikuwa amevaa shati jeupe" ni "portava una camicia bianca". Mbele ya askari anayeandika maelezo, tofauti hiyo si ndogo.

Viko pia vitenzi vinavyobadili maana kabisa kwa kubadili njeo. "Conoscevo Anna" ni kusema nilikuwa namfahamu Anna. "Ho conosciuto Anna" ni kusema nilifahamiana naye kwa mara ya kwanza. "Sapevo" ni nilikuwa najua, bali "ho saputo" ni nilipata habari. Anayeulizwa kama alijua jambo fulani kabla halijatokea ana kila sababu ya kuchagua kwa uangalifu.

Kwa upande wa maumbo, imperfetto ndiyo nyepesi. Vitenzi visivyofuata kanuni ni vichache, kama "ero" wa essere na "facevo" wa fare. Passato prossimo ndiyo yenye kuchosha, kwa kuwa huhitaji kitenzi kisaidizi. Vitenzi vingi huchukua avere, lakini kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuzaliwa na kufa huchukua essere. Ndiyo maana "ho andato" ni kosa linalomtambulisha mgeni mara moja. Husemwa "sono andato". Mwanamke naye husema "sono andata", na wanawake wengi "siamo andate". Kwa mtu ambaye lugha yake haigawi watu kwa jinsia katika vitenzi, hilo ni zoea linalohitaji mazoezi ya mdomo kuliko ya daftari.

Hubaki passato remoto, njeo ya vitabu vya historia na hadithi za watoto: "Dante nacque a Firenze nel 1265", yaani Dante alizaliwa Firenze mwaka 1265. Anayeanza hana haja ya kuizungumza, ila aitambue anapoisoma. Kaskazini mwa Italia, watu karibu hawaitumii kabisa katika maongezi. Toscana huitumia kwa mambo ya zamani na kuyaachia ya leo passato prossimo. Sisilia mambo ni mengine: aliyejifunzia Milano akifika Palermo asishangae kumsikia mwenyeji akisema "mangiai" kuhusu chakula alichokula muda mfupi uliopita.