Mafuriko Ambayo Hujawahi Kuyaona: Pima Hatari Kabla ya Kukata Bima ya Nyumba

Anayenunua kiwanja Kongowe, Kibaha, huwauliza majirani: "Je, maji hufika hapa?" Akijibiwa kwamba tangu wahamie hayajawahi kufika, huridhika. Jibu hilo huenda ni la kweli, lakini halitoshi.

Kwa nini kumbukumbu haitoshi

Mwaka 1962, mwanajiografia wa Marekani Robert Kates alichapisha utafiti kuhusu watu wa mji wa LaFollette, jimbo la Tennessee, walioishi na kufanya biashara katika bonde lenye mafuriko. Alibaini kwamba uzoefu wao uliwafunga: walijiandaa kwa mafuriko waliyowahi kuyaona, wakashindwa kuwazia makubwa zaidi. Mwaka 1967 Kates alikuja Dar es Salaam kuongoza kituo cha chuo kikuu kilichochunguza rasilimali na matumizi ya ardhi.

Fundisho lake linatuhusu. Kando ya Barabara ya Morogoro, Kongowe inazidi kujengwa. Kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa hupunguza ardhi ya kunyonya maji. Mvua iliyozama zamani sasa hutiririka kwa jirani wa chini. Kiwanja kilichokuwa kikavu miaka kumi iliyopita chaweza kufurika masika ijayo. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 na tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023 yanatukumbusha jinsi maafa yanavyoweza kuikuta kaya bila akiba wala kinga.

Soma mkataba kabla ya kulipa

1. Bima ya moto ya kawaida hailipi hasara ya mafuriko mpaka janga hilo liongezwe kwenye mkataba. Omba lionekane kwa maandishi; ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi.

2. Taja thamani halisi. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 60, nawe umeikatia bima ya milioni 30. Ikipata hasara ya milioni 10, kampuni yaweza kulipa milioni 5 tu, kwa kuwa ulikinga nusu ya thamani.

3. Uliza kama vyombo vya ndani vimo. Kinga ya jengo peke yake haigusi kitanda, jokofu wala bidhaa za duka.

4. Eleza kweli kama kiwanja kiko bondeni au kimewahi kufurika. Kuficha jambo hilo kwaweza kukunyima fidia.

5. Bima ndogo ya gari hailipi gari lako likizama. Bima kubwa yaweza kulipa. Hakikisha mafuriko hayajaondolewa.

Bima hurudisha mali, haizuii maji. Safisha mitaro, na usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama inavyoelekeza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Maji yakishaingia

Okoa watu kwanza. Kisha piga picha za hasara, tunza risiti na uiarifu kampuni mara moja kwa maandishi. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, lete malalamiko kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au uyapeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.