Bidoni moja ya maji, bei nyingi

Jirani yangu wa Mikelenge huwasha mbabula saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya chai, kabla ya watoto kuoga, sufuria ya kwanza motoni ni ya maji ya kunywa, na haiteremshwi mpaka yametokota robo saa nzima, kama mama yake alivyomfundisha. Siku moja nikamuuliza maji hayo yanamgharimu kiasi gani. Akacheka. "Baba, maji ya kuchemsha yana bei gani tena? Makala si yapo?"

Makala yapo, ila yamenunuliwa. Hapo ndipo hesabu ya maji salama hutupotea hapa Kindu: njia tunayoiona ya bure ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote, na ile tunayoiona ya kitajiri ni ya senti.

Tuanze na kipimo. Familia ya watu saba, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, na kidogo cha kusukutua na kuosha matunda, inamaliza bidoni ya lita 20. Kuitoa bidoni hiyo kwenye nyuzi 25 hadi kutokota kunahitaji joto la megajuli 6.3. Kilo ya makala makavu ina karibu megajuli 28, lakini mbabula ya bati iliyo wazi hurushia hewani sehemu nne kati ya tano. Kinachobaki ni hiki: kilo moja na ushee ya makala kwa bidoni moja. Ongeza robo saa ya kutokota bila sababu, na unakaribia kilo moja na nusu. Kwa mwezi ni kilo 34 hivi hadi 45. Pima gunia la kwenu uone linafika wapi.

Bei ya franka siiandiki, kwa makusudi. Makala ya Julai, njia zikiwa kavu na baiskeli zikiingia mjini zimesheheni, hayauzwi kama ya Novemba. Basi nitahesabu kwa kilo za makala, na msomaji aweke bei ya soko lake la wiki hii.

Anayeng'ang'ania kuchemsha anaweza kuokoa papo hapo. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifikia kutokota sawasawa, mapovu makubwa yakipanda juu, yametosha. Vijidudu vya kuhara vimekwisha kufa kabla ya hapo. Robo saa ya jirani yangu inachoma makala tu. Funika sufuria, teremsha yakianza kuruka, na ukipata mbabula yenye udongo ndani badala ya bati tupu, matumizi yanashuka zaidi. Kuchemsha kuna sifa moja ambayo dawa haina: kunaua hata vile vijidudu sugu vinavyostahimili klorini, na hakujali maji yana tope au hayana. Kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, mimi ningechemsha bila kuuliza bei.

Sasa vidonge. Kile cha miligramu 67, kinachojulikana zaidi kwa jina la Aquatabs, kimetengenezwa kwa bidoni moja ya lita 20 ya maji maangavu. Unakitia, unafunga, unasubiri nusu saa. Kwa hiyo swali la sokoni ni jepesi: kidonge kimoja kinauzwa zaidi ya kilo moja na robo ya makala, au chini yake? Kikiwa chini, kuchemsha ni hasara, hata kabla ya kuhesabu saa uliyokaa mbele ya moshi. Angalia tarehe ya mwisho kwenye karatasi, na usinunue kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake kikauzwa kimoja kimoja mkononi. Unyevu wa huku hukiharibu haraka.

Halafu Javel. Najua, ni ya kufulia. Lakini kinachofanya kazi ndani yake ni klorini, ndugu wa ile iliyomo kwenye kidonge. Javel isiyo na manukato wala rangi, yenye klorini ya asilimia 5, inatumika matone mawili kwa lita, yaani mililita 2 kwa bidoni. Nunua sirinji ya mililita 2 kwenye famasi na uiweke kwa kazi hiyo tu. Kuhesabu matone 40 gizani ni kujitafutia makosa. Chupa zenye maandishi ya Kifaransa mara nyingi hutaja nguvu kwa nyuzi: nyuzi 12 ni karibu asilimia 3.8, basi kipimo kinapanda hadi mililita 2.5 hivi. Kwa Javel ya asilimia 5, chupa ya robo lita ni bidoni 125, miezi minne ya familia. Ukiliacha jua, hakuna njia nyingine hapa inayoikaribia kwa urahisi wa bei.

Lakini ina mtego, nao ni wa kibiashara. Javel inayomiminwa kutoka dumu kubwa hadi chupa ya soda, bila karatasi yoyote, huenda imeongezwa maji mara mbili kabla ya kukufikia. Na hata ile halali hufifia: joto na mwanga huila nguvu mwezi hadi mwezi. Nunua chupa ndogo iliyofungwa na kiwanda, andika tarehe kwenye kifuniko, iweke mahali pa giza na mbali na watoto. Baada ya nusu saa maji yanapaswa kutoa harufu hafifu ya klorini. Yasiponuka kabisa, rudia kipimo kilekile mara moja na usubiri tena. Wengi huikimbia harufu hiyo wakisema ni ya hospitali. Ni dalili kwamba kuna dawa iliyobaki ya kuyalinda maji mpaka kesho.

Vidonge na Javel vyote vinadai maji maangavu. Maji ya mto Lualaba wakati wa mvua, rangi ya chai ya maziwa, yanamaliza klorini kabla haijagusa kijidudu. Yaache yatulie usiku kucha, yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha tia dozi mara mbili. Kuna pia pakiti za unga zinazokusanya tope na kuua vijidudu pamoja. Moja ni ya lita 10, kwa hiyo bidoni inadai mbili, na kuna kazi ya kukoroga, kuchuja na kungoja. Kwa anayekaa ukingoni Alunguli na hana chanzo kingine zinafaa. Mwenye bomba la Regideso linalotoa maji masafi asizinunue.

Jua ni bure kweli. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikilazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, inatoa maji salama. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Ila bidoni moja ni chupa 14 za lita moja na nusu, na nani hapa atakuhakikishia saa sita za jua kati ya Oktoba na Aprili? Nayaona ni maji ya mwanafunzi anayeishi peke yake, au ya mwezi wa Julai. Kama unayataka, simamisha chupa juu ya ukurasa wa gazeti na uchungulie kupitia mdomo wake: usipoweza kusoma kichwa cha habari, tope limezidi.

Chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa kauri ndilo linalowavutia wenye mshahara. Bei yake inaumiza mara moja tu, kisha linatoa maji yasiyo na harufu. Gawanya bei hiyo kwa bei ya kilo 34 za makala upate idadi ya miezi ya kurudisha pesa. Lakini kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: mshumaa ukipasuka, wa kubadilisha uko wapi? Mji huu hupata bidhaa kwa ndege, kwa mto, au kwa treni ya kutoka Katanga ambayo haifuati kalenda ya mtu. Chujio lisilo na kipuri ni ndoo mbili za bei ghali.

Maji ya saché na ya chupa nayapita haraka. Ya chupa ni ya msafiri. Ya saché iliyofungwa kwa fundo la mkono si maji yaliyosafishwa. Ni maji yaliyopoozwa, na hujui mkono gani ulifunga.

Na kuna gharama ya upande wa pili, ile ya kunywa maji yasiyotibiwa. Mwaka 2011 kipindupindu kilishuka na mto huu kutoka Kisangani hadi Kinshasa, na mkoa wetu wa Maniema wenyewe unaujua ugonjwa huo vizuri. Mtoto akianza kuhara, pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini huchanganywa na lita moja ya maji salama. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Na maji hayo ya dawa nayo yanahitaji kutibiwa kwanza.

Nilimrudia jirani yangu na hesabu hizi. Alisikiliza akiendelea kupepea moto. Kisha akachukua kopo, akalitumbukiza pamoja na vidole katika ndoo ya maji aliyoyachemsha alfajiri, akanikaribisha ninywe. Hapo nikaona kilo nzima ya makala ikizama. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa. Kidole kimoja kinatosha.

Wiki iliyofuata alinunua ndoo yenye kifuniko na robine chini. Makala bado anachoma, ila sasa sufuria inateremka mapema, na sirinji ya mililita 2 imechomekwa ukutani kando ya mlango, juu kabisa, ambapo mtoto wake wa mwisho hafiki.