Seva Imekataa Kuamka? Usifute Kitu, Soma Kwanza



Leo tuongelee kitu ambacho kinasumbua wengi wetu tuliosoma informatiki, na hata wale ambao hawakuisoma lakini shefu aliwaambia: "Wewe ni kijana, angalia hii mashini." Unafika ku kazi asubuhi. Usiku kuranti ilikatika, sasa imerudi. Unawasha seva, lakini programu ya kazi haifunguki. Watu wamepanga mstari, wanakuangalia. Utafanya nini?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa ku staji katika shule moja. Walikuwa na programu ya kuandikisha wanafunzi, inatembea juu ya Tomcat. Asubuhi moja Tomcat ikakataa kuamka. Nilijaribu mara tatu, mara ine, bila kusoma chochote. Kisha nikachukua ile dawa sisi wote tunaijua: futa, weka upya. Nikafuta folda nzima, nikaweka Tomcat mpya, nikarudisha programu. Ikaamka! Nilinunuliwa hata soda.

Kisha nusu saa, sekretere akaniita: "Kijana, buletini za watoto ziko wapi?" Zile skani za buletini, programu ilikuwa inaziweka ndani ya folda ya programu yenyewe, chini ya webapps. Njo ile folda niliyofuta. Nakala hazikuwako. Yule mama alikaa wiki nyingi anaskani upya, na makaratasi mengine wazazi walikuwa wamekwisha kuyarudisha nyumbani. Kuna watoto ambao buletini zao hazikupatikana tena.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: sababu ilikuwa ndogo. Miezi kadhaa nyuma shida ile ile ilirudi, na safari hii nikasoma. Diski ilikuwa imejaa. Faili moja tu, catalina.out, ilikuwa imevimba juu programu ilikuwa inaandika kila kitu mule bila kupumzika. Mara ya kwanza Tomcat iliamka kwa sababu nilipofuta folda nzima nilifuta na hiyo faili. Nilichoma nyumba ili kuua panya.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: seva isiyoamka, karibu kila mara imekwisha kusema sababu yake. Kazi yako ya kwanza ni kusoma. Mikono inakuja nyuma.

Kwanza, nini inaamka?

Tomcat ni seva ya programu za Java. Ilianzishwa na James Duncan Davidson alipokuwa anafanya kazi ku Sun Microsystems, na mwaka 1999 ikapewa Apache. Hilo jina, paka dume, alilichagua juu ni mnyama anayejitunza mwenyewe. Na kweli inajitunza, lakini inaomba mambo fulani yafuatane. Java iwepo. Faili ya mipangilio, server.xml, isomeke. Milango yake, yaani porti, iwe wazi. Kisha inafungua programu zilizo katika webapps, moja moja, na kila programu inatafuta hifadhidata yake, kwa mfano PostgreSQL. Mnyororo huo ukikatika fasi moja, kinachofuata hakitembei.

Usidhani ni habari za mbali. DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya yetu inatumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, iko imejengwa hivyo: Java, Tomcat, PostgreSQL. Anayejua kuamsha Tomcat iliyolala ana kitu cha kuonyesha siku anaomba kazi.

Pili, unasoma wapi?

Ndani ya folda ya Tomcat kuna folda logs. Angalia faili tatu: catalina.out kama uko ku Linux, ile catalina yenye tarehe ya leo, na localhost yenye tarehe ya leo. Hii ya mwisho watu wanaisahau sana. Programu yako ikishindwa kufunguka, mara mingi catalina inasema tu kwamba kitu fulani kimeshindwa na kwamba maelezo kamili yako katika logi nyingine. Maelezo hayo yako mu localhost.

Sasa jambo letu sisi watu wa Kifaransa. Ku intaneti wanakuambia utafute neno SEVERE. Unatafuta, haliko, unasema logi ni safi. Hapana! Kama mashini iko mu Kifaransa, Java inaandika GRAVE. Tafuta yote mawili.

Anza ku kosa la kwanza kisha muda ule uliowasha. Yale makosa hamsini yanayofuata, mara mingi ni watoto wa lile la kwanza. Na ukikuta mistari mirefu ya Java, tafuta "Caused by". Ile ya chini kabisa njo mara mingi inabeba mzizi wenyewe.

Kama faili haina kitu, au ku Windows dirisha jeusi linafunguka na kufunga kabla hujasoma, usibonyeze startup tena. Fungua wewe mwenyewe dirisha la amri, ingia katika folda bin, andika catalina.bat run. Ku Linux ni ./catalina.sh run, na uiendeshe kwa jina la mtumiaji wa Tomcat, si kwa root. Hapo Tomcat inatembea mbele ya macho yako na kosa linabaki ku ekrani. Diski yangu ilipojaa, njo hivyo nilisoma "No space left on device". Logi yenyewe haikuwa tena na fasi ya kuandika.

Tatu, visa unavyokutana navyo mara mingi.

Java. Ukisoma kwamba JAVA_HOME wala JRE_HOME haijulikani, Tomcat haioni Java iko wapi. Ukisoma UnsupportedClassVersionError, Java iko lakini ni ya zamani kuliko programu. Namba zinasema: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Tomcat 9 inakubali Java 8, Tomcat 10.1 inaomba 11, Tomcat 11 inaomba 17. Andika java -version uone uko na gani.

Porti. "Address already in use" maana yake kuna mwingine amekwisha kukaa ku mlango huo. Tomcat inatumia 8080 kwa kawaida, na 8005 kwa kupokea amri ya kuzima. Oracle XE za zamani nazo zilipenda 8080, kwa hiyo zikiwa mu mashini moja zinapigana. Ku Linux andika ss -ltnp, ku Windows netstat -ano, uone nani amekaa pale. Pengine ni Tomcat yako mwenyewe ya jana ambayo haikufa vizuri. Na ukiweka Tomcat mbili, usibadilishe 8080 peke yake. Ya pili itafia ku 8005. Na kumbuka, ku Linux porti zilizo chini ya 1024, kama 80, kwa kawaida mtumiaji wa kawaida hapewi ruhusa.

Ruhusa. Jana uliwasha Tomcat kama root "juu ya kujaribu tu". Leo mtumiaji wa Tomcat anataka kuandika katika logs na work, anakuta faili ni za root, anakatazwa. Rudisha umiliki wa faili. Usikimbilie chmod 777, hiyo ni kutoa mlango wa nyumba juu ufunguo unakwama.

Mipangilio. Ulibadilisha server.xml usiku, ukasahau alama moja ya kufunga. Tomcat inakuambia hata namba ya mstari. Kuna amri catalina.sh configtest inayokagua mipangilio bila kuwasha seva.

Toleo. Tomcat imeamka vizuri, lakini programu iliyotembea ku Tomcat 9 haitembei ku Tomcat 10. Hiyo ni kwa sababu tangu Tomcat 10 majina ya javax yalibadilika kuwa jakarta. Programu ya zamani iweke katika folda webapps-javaee na Tomcat itajaribu kuibadilisha yenyewe, ao rudi ku Tomcat 9.

Hifadhidata. Kisha kuranti kurudi, Tomcat inaweza kuamka mbele ya PostgreSQL. Programu inabisha, hakuna anayefungua, inakufa. Logi itasema "Connection refused" pamoja na porti 5432. Hapo Tomcat haina kosa. Amsha PostgreSQL, kisha uwashe Tomcat tena.

Ine, ile konsoli ya usimamizi.

Mara mingi seva iko mzima, ila ukurasa wa Manager njo unakataa. Usichanganye. Soma namba. Brauza ikisema haiwezi kuunganishwa, seva imelala ao porti si hiyo. Ukipata 404, seva inajibu lakini programu ya Manager haikuwekwa. Ku Debian na Ubuntu inakuja katika paketi ya pembeni. Ukipata 401, jina ao neno la siri halikukubaliwa. Tomcat haiji na mtumiaji hata mmoja, ni wewe unamuandika katika tomcat-users.xml na kumpa kazi ya manager-gui. Wengi wanaandika ndani ya alama za maoni, kati ya <!-- na -->, kisha wanashangaa. Ukipata 403, ao mtumiaji huyo hana manager-gui, ao uko mu mashini ingine: kwa kawaida Manager inakubali tu mtu aliyekaa ku seva yenyewe.

Hiyo ya mwisho imewekwa kwa makusudi. Kuna video zinakufundisha kufuta ule mstari wa RemoteAddrValve na kuweka admin kama jina na admin kama neno la siri. Usifanye hivyo ku seva iliyo wazi ku intaneti. Anayeingia mu Manager anaweza kuweka programu yake ndani ya seva yako, maana yake mashini imekuwa yake. Ukitaka kuiona toka mbali, pitisha njia ya SSH, iwe ni kama umekaa pale.

Wanaotumia GlassFish, konsoli yenu iko ku porti 4848, na logi iko katika domains/domain1/logs/server.log. Mara ya kwanza konsoli inakawia kufunguka. Ngoja kidogo mbele ya kusema imekufa.

Tano, mbele ya kugusa.

Nakili. Folda conf, folda webapps, faili za logi, na hifadhidata. Dakika kumi hizo zingeniokolea miezi ya haya. Na hata ukijua kwamba diski imejaa, usifute kitu kwa sababu jina lake linafanana na takataka. PostgreSQL ilikuwa na folda inaitwa pg_xlog. Watu walikuwa wanaona neno "log", wanafuta ili kupata nafasi, kumbe ndani mlikuwa kumbukumbu za mabadiliko ambazo hifadhidata inazihitaji ili iamke. Hifadhidata zikafa. Mwaka 2017, katika toleo la 10, wenyewe wakabadilisha jina kuwa pg_wal, na moja ya sababu njo hiyo. Kama mafundi wa dunia nzima walikosea pale, wewe na mimi ni nani?

Anza na df -h, uone diski gani imejaa. Kisha tafuta ni faili gani imevimba. Kama ni catalina.out, nakili mwisho wake, kisha uipunguze. Halafu rudi ku chanzo: nani anaandika sana mule, na juu ya nini?

Mwisho, kuwa na daftari. Tarehe, kosa la kwanza ulilosoma, ulichobadilisha, kilichotokea. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitano pamoja na seva ikaamka, hutajua ni kipi kiliponya, na siku itakapoanguka tena utaanza ku sifuri.

Tunatoka masomoni na diplome, na watu wanatuamini haraka. Wanatuachia mashini zenye majina ya watoto wao, vipimo vya wagonjwa wao, mishahara yao. Yule sekretere hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mbele ya kufuta, hukuweza kuniuliza?" Seva nayo ilikuwa imejaribu kuniambia. Mimi njo nilikuwa sisomi.

Mashini ikilala kesho asubuhi na watu wakapanga mstari, vuta kiti, ukae, ufungue logi. Wape dakika kumi za kungoja. Ni bei ndogo.