Kuchagua Mfanyakazi wa Kikundi: Ulizeni Alichofanya

Vikundi vingi vya Kibera na Kawangware vina mradi unaohitaji mtu wa kuajiriwa: wa kuuza maji kwenye kioski, wa kutunza choo cha kulipia, au wa kuangalia watoto wa nasari. Muuza maji anashika pesa za kikundi kizima, na mfereji ukikauka ndiye anayekabiliwa na foleni yenye hasira. Tukikosea kumchagua, hesabu hazilingani, wateja wanahamia kwingine, na wanachama wanaanza kushukiana.

Je, huwa tunamchagua vipi? Mara nyingi ni kwa kujuana tu: mtoto wa fulani, au mtu wa kwetu. Au tunamwita na kumwuliza, "Wewe ni mwaminifu? Una subira?" Sasa nani atajibu la? Swali kama hilo humpa kazi mwenye maneno matamu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Iko njia iliyo bora, nayo ni kuuliza mtu alivyotenda zamani. Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, John Flanagan, aliyekuwa amechunguza kazi ya marubani katika Vita vya Pili vya Dunia, alieleza jinsi ya kukusanya matukio halisi ya watu kufanya kazi vizuri au vibaya. Mwaka 1982 Tom Janz aliandika juu ya mahojiano ya kazi yanayouliza matendo ya namna hiyo. Maana yake ni rahisi: alichofanya mtu jana chatuonyesha tabia yake kuliko ahadi anazotoa leo.

Namna ya kufanya

Kwanza, kaeni mwandike tabia tatu au nne ambazo kazi inahitaji. Kisha kila tabia ipewe swali lake:

- Uaminifu: "Tueleze siku moja uliposhika pesa za wengine zikapungua. Ulifanya nini?"
- Subira: "Tueleze siku mtu alipokugombeza mbele za watu. Ulimjibu vipi?"
- Ushirikiano: "Ni lini ulikosana na mwenzako wa kazi? Mliyamalizaje?"

Akijibu, mfuateni polepole: mambo yalikuwaje, yeye mwenyewe alifanya nini, mwisho ulikuwa nini. Akisema "tulifanya", mwulizeni, "Wewe je?" Akisema "mimi huwa navumilia", mwombeni atoe siku moja.

Msidhani kwamba ni lazima awe amewahi kuandikwa kazi. Mama aliyetunza daftari la merigo ana la kusimulia. Vivyo hivyo kijana aliyeongoza timu ya mpira, na yule aliyeuza sukuma wiki Kawangware na kudai madeni bila kupoteza wateja. Hapa ndipo njia hii inapowafaa watu wetu, kwa sababu wengi hawana vyeti lakini matendo wanayo.

Haki kwa wote

Wote waulizwe maswali yale yale. Wahoji wawe watatu hivi, na mwenye jamaa yake kati ya waombaji akae kando. Kila mhoji aandike alama zake, 1 hadi 5, kabla ya kuongea na wenzake. La sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumbagua anayetafuta kazi kwa sababu ya kabila, dini, ujauzito, ndoa, ulemavu au virusi vya UKIMWI. Basi "Kwenu ni wapi?" na "Umeolewa?" hayana nafasi, hata kama kikundi chenu kilianzia kanisani.

Mjue pia kwamba hadithi yaweza kutungwa. Mwombeni ataje mtu aliyeshuhudia, kisha mwende kwa huyo mtu mmwulize. Na mwenye haya mpeni muda wa kufikiri. Kunyamaza kidogo si kukosa jibu. Mwisho, mwekeni kwa majaribio kwanza, na muda wa majaribio uandikwe.

Katika mkutano wenu ujao, hojianeni wawili wawili kwa swali moja kati ya haya. Mtaona wenyewe jibu la "niliwahi" linavyotofautiana na jibu la "nitafanya".