JE, MTU ANAWEZA KUSUJUDU ANGANI?



  Wanafunzi wapenzi pamoja na wazazi wenu, makala hii imetokana na swali la darasani. Tulikuwa tunasoma nguzo za Swala, tumefika kwenye kusujudu na utulivu wake, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, watu walioko angani wanaelea. Sasa wakisujudu, paji la uso wanaliweka wapi, na chini yenyewe haipo?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo limewahi kuulizwa na watu wazima, tena wanazuoni, na likatolewa maelekezo rasmi.

Mwaka 2007 daktari wa mifupa kutoka Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor (hilo "Sheikh" ni jina lake, si cheo), alirushwa kwa roketi kutoka Baikonur, Kazakhstan, kwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa. Ilikuwa tarehe 10 Oktoba, mwezi wa Ramadhani. Kabla hajaondoka, baraza la fatwa la nchi yake lilitoa mwongozo wa ibada angani. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama kama mara 16 kwa siku moja. Wanazuoni wakasema nyakati za Swala zifuate saa za mahali aliporushiwa. Kuhusu kusimama, kurukuu na kusujudu, walirudi kwenye kanuni mnayoijua: asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, asiyeweza hilo huashiria. Mwanaanga mwenye afya njema akawekwa pamoja na mgonjwa wa kitandani, kwa sababu moja tu: hana chini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani huko juu nguvu ya mvutano wa dunia imekwisha. Sivyo. Kituo kile kiko kilometa 400 hivi kutoka ardhini, umbali unaozidi kidogo tu ule wa barabara ya kutoka Mbeya hadi Iringa. Pale mvutano bado ni kama asilimia 90 ya huu wetu. Wanaelea kwa kuwa wanaanguka. Chombo kinakwenda kama kilometa 28,000 kwa saa, na wakati huohuo kinaanguka kuelekea dunia. Lakini kwa mwendo ule, kila kinapoanguka, dunia nayo inajipinda chini yake, basi hakifiki. Mtu na sakafu yake wanaanguka pamoja, kwa hiyo sakafu haimsukumi miguuni. Ule uzito tunaousikia tukisimama ni sakafu kutusukuma kwenda juu. Sakafu isiposukuma, hakuna uzito, na hakuna chini.

Tena si Swala peke yake inayopata taabu. Mifupa ya nyonga ya mwanaanga hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uimara wake kila mwezi, ndiyo maana hulazimika kufanya mazoezi karibu saa 2 kila siku. Je, tunaweza kumtengenezea chini yake?

Chukueni ndoo ndogo, tieni maji nusu, tokeni uwanjani (si karibu na mikeka ya kuswalia, tafadhali), kisha izungusheni kwa mkono kutoka chini kupita juu ya kichwa na kurudi. Mkizungusha kwa kasi ya kutosha, maji hayamwagiki hata ndoo ikiwa imepinduka. Maji yanataka kwenda moja kwa moja, hiyo ndiyo tabia aliyoiumba Mwenyezi Mungu katika kila kitu kinachotembea. Kitako cha ndoo kinayazuia na kuyageuza, kikiyasukuma ndani kila wakati. Kwa maji, kitako cha ndoo kimekuwa sakafu. Mnalijua hilo hata kwenye Hiace ya kutoka Mbeya kuja Mbalizi. Dereva akikata kona kwa kasi, mnabanwa ubavuni. Mnasema gari limewatupa nje, kumbe ninyi mlikuwa mnakwenda moja kwa moja, gari ndilo lililowageukia na kuwasukuma.

Basi fikirini ndoo kubwa sana, yenye umbo la gurudumu la baiskeli, ikizunguka angani. Watu wanaishi ndani ya tairi, miguu yao ikiwa upande wa nje na vichwa vikielekea kwenye kitovu. Sakafu inawasukuma kama kitako cha ndoo. Chini imepatikana.

Wazo hili si la jana. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliliandika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1975 wataalamu waliokusanywa na shirika la anga la Marekani, NASA, huko California walichora mji mzima wa namna hiyo: gurudumu lenye upana wa kilometa 1.8, wakazi 10,000, likizunguka mara moja kwa dakika. Kwa hesabu hiyo sakafu inakwenda karibu kilometa 340 kwa saa, na mkazi anapata uzito uleule wa duniani. Profesa Gerard O'Neill wa chuo kikuu cha Princeton alipendekeza makubwa kuliko hayo, mapipa ya urefu wa kilometa 32. Hakuna hata kimoja kilichojengwa. Lililofanyika kweli ni dogo mno: Septemba 1966 wanaanga wa Gemini 11 walikifunga chombo chao kwa kamba na chombo kingine, wakavizungusha polepole vyote viwili. Uzito uliopatikana ulikuwa hafifu kiasi kwamba wenyewe hawakuusikia miilini.

Mtauliza, kwa nini wasijenge gurudumu dogo la mita 10 kutoka kitovu hadi sakafu, likazungushwa haraka? Hesabu inakubali: lizunguke mara 9 na nusu kwa dakika, uzito utapatikana. Lakini hebu mpelekeni mtu huko akatawadhe. Maji yakidondoka kutoka urefu wa mita moja, yataanguka kando kwa zaidi ya sentimita 30, maana wakati yako hewani sakafu imegeuka kwa namna yake na maji yamekwenda kwa njia yake. Mkono uko hapa, maji yako kule! Kisha asimame kuswali. Kichwa chake kiko karibu na kitovu kuliko miguu, kwa hiyo kichwani uzito umepungua kwa asilimia 17. Akishuka kusujudu kwa mwendo wa kawaida, atahisi anasukumwa pembeni kwa nguvu ya kama moja ya tano ya uzito wake, na sikio la ndani, ambalo ndilo hutupa usawa, litamletea kizunguzungu na kichefuchefu. Huo utulivu tunaoushurutisha katika sijida angeupata wapi?

Kwenye lile gurudumu kubwa la mwaka 1975 maji yangekosea kwa sentimita 3 tu, na tofauti ya kichwa na miguu isingetambulika. Wataalamu wengi huona mizunguko 2 kwa dakika ni kasi ambayo watu wengi wanaweza kuizoea. Ukitaka uzito kamili wa duniani kwa kasi hiyo, gurudumu lazima liwe na upana wa mita 450 hivi. Kituo cha sasa, pamoja na mabawa yake ya umeme wa jua, kina urefu wa mita 109. Kwa hiyo kikwazo ni gharama na ukubwa. Elimu yenyewe ipo.

Na sisi je? Sisi nasi tumepanda chombo kinachozunguka. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na hapa kwetu ardhi inakwenda mashariki kwa kasi ya kama kilometa 1,650 kwa saa. Tofauti ni kwamba sisi tumesimama upande wa nje, kwa hiyo mzunguko unatupunguzia uzito badala ya kutuongezea: mtu wa kilo 60 aliye kwenye Ikweta hupungukiwa kama gramu 200. Dunia ingezunguka mara 17 hivi zaidi ya sasa, watu wa Ikweta wangeelea.

Wenye roketi wanaujua mwendo huo na wanautumia. Baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitalia waliweka jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco, mahali pa karibu sana na Ikweta, ili mzunguko wa dunia uisaidie roketi inayoelekea mashariki. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nayo ilikuwa inajizungusha, mara moja kwa dakika 12 hivi, ili ipekue anga lote. Nasikia wazazi wengine husema mambo ya anga hayahusu watoto wa madrasa. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipima nyota na miji ili aipate Kibla.

Limebaki la Kibla. Hapa Mbalizi tunaelekea kaskazini, kidogo upande wa mashariki, na kinabaki palepale. Mwongozo wa Malaysia ulipanga: ielekee Al-Kaaba, usipoweza basi anga iliyo juu yake, usipoweza dunia, usipoweza popote. Kwenye gurudumu linalozunguka kwa dakika moja, dunia itakuwa mbele yako unapofunga Swala, na kabla hujamaliza Al-Fatiha imekwisha kuwa juu ya utosi au chini ya nyayo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayeswali faradhi ndani ya jahazi, jahazi likigeuka naye hugeuka, akiweza. Huyu hawezi, labda atoboe sakafu! Fundi angeweza kuielekeza ekseli ya gurudumu upande wa dunia, hapo anayetazama sambamba na ekseli angeipata Kibla bila kuhangaika. Lakini kizungukacho hukaidi kugeuzwa, kama pia zenu mnavyoona, na dunia haikai upande mmoja. Kwa hiyo mkazi wa gurudumu angerudishiwa sijida yake kamili, paji la uso na magoti yote chini, huku katika Kibla akibaki na udhuru uleule wa yule daktari wa Malaysia. Wallahu aalam.