Ultima IV: Mchezo wa kompyuta usiokuwa na adui mkuu

LAWAMA kwamba michezo ya kompyuta huwafundisha vijana kuua na kupora si ngeni. Richard Garriott, mtunzi wa michezo hiyo nchini Marekani, ameeleza kuwa alikutana nazo katika barua alizoandikiwa miaka ya 1980. Jibu lake lilikuwa mchezo mwingine.

Michezo mitatu ya kwanza ya mfululizo wake wa Ultima, iliyotoka kati ya 1981 na 1983, ilifuata njia iliyozoeleka. Mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, hukusanya silaha na dhahabu, kisha humwangamiza adui mkuu. Njiani aliweza kuwaibia hata kuwaua wenyeji wasio na hatia, na bado mwishoni akahesabiwa kuwa mkombozi.

Ultima IV, iliyotolewa na kampuni ya Origin Systems mwaka 1985, iligeuza mambo. Humo hamna adui mkuu wa kuuawa. Nchi ya Britannia ina amani, na kinachotafutwa ni mtu wa kuigwa. Mchezaji hana budi kutimiza fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa kwa ajili ya wengine, heshima, ukuaji wa kiroho na unyenyekevu.

Hata mwanzo wake ni tofauti. Badala ya kuchagua nguvu za shujaa wake, mchezaji huulizwa maswali na mwanamke mpiga ramli. Kila swali humlazimisha kuchagua kati ya fadhila mbili, na majibu yake ndiyo yanayoamua atakuwa nani.

Baada ya hapo mchezo humtazama kimyakimya. Akimsaidia ombaomba, huruma yake huongezeka. Akiwakimbia waovu vitani, ushujaa hupungua. Mfano mashuhuri zaidi ni wa muuza mitishamba kipofu: mnunuzi hujipangia mwenyewe kiasi cha kulipa. Akimpunja, hakuna anayepiga kelele wala askari anayetokea. Atayajua madhara yake baadaye, atakapogundua kuwa amerudi nyuma katika safari yake.

Hapo ndipo upekee wa mchezo huu ulipo. Ulimpima mtu kwa yale ayatendayo akidhani haonekani.

Hata hivyo, kasoro zipo. Wema ukiwekewa hesabu, mjanja anaweza kutoa sadaka kwa ajili ya hesabu tu, si kwa kumhurumia maskini.

Yaelekea Garriott mwenyewe aliiona hatari ya wema usiotoka moyoni. Katika Ultima V ya mwaka 1988, mtawala Blackthorn anazigeuza fadhila zilezile kuwa sheria kali: asiyetoa nusu ya kipato chake kwa wahitaji hunyang'anywa chote. Mchezaji aliyejifunza wema kwa hiari sasa anatakiwa kuupinga wema wa kulazimishwa.